Ule ujumbe wa "watoto 36 kati ya 100 wanaosomea nyumbani wanateswa": nimeufuatilia mpaka ulikotoka

MamaSudi_Goba (mleta mada)

Habari za usiku wanajamvi. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Wiki mbili zilizopita, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wa mume wangu, iliingia picha yenye maandishi mekundu: "UTAFITI MAREKANI: WATOTO 36 KATI YA 100 WANAOSOMESHWA NYUMBANI WANATESWA NA WAZAZI. SAMBAZA UOKOE MTOTO." Chini yake mchoro wa nyumba iliyojengwa kwa vitabu, na mtoto ndani ya dirisha lenye nondo anawachungulia wenzake wanaocheza nje. Juu kabisa ile mishale miwili, maana yake ujumbe umepita kwenye mazungumzo matano au zaidi kabla ya kukufikia. Jina la mtafiti hamna, mwaka hamna, hata jimbo hamna.

Siku nyingine ningepita tu. Lakini mwanangu wa pili ana miaka 9 na ana seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Muhula uliopita kuna mwezi alikosa shule siku nyingi kuliko alizokwenda. Mimi na baba yake tulikuwa tumeanza kuzungumza, tena kwa sauti ya chini, kama tumpumzishe shule mwaka mmoja tumfundishe wenyewe. Mimi nashona hapahapa nyumbani, kwa hiyo muda ungepatikana. Sijui nani alimfikishia mama mkwe. Saa mbili usiku akapiga kutoka Tanga, hata salamu yangu hakuipokea: "Mwanangu, mnataka kumfanya nini mjukuu wangu?"

Niliumia. Nikaingia mtandaoni kutafuta kitu cha kumjibu, na ndani ya nusu saa nilikuwa nacho: shoga yangu wa kanisani alinitumia ujumbe unaosema watoto wanaosomea nyumbani Marekani wanawaacha mbali wa shule. Nilikaribia kuutuma kwenye kundi. Kilichonizuia ni kwamba nao ulikuwa vilevile: maandishi makubwa, hakuna jina, hakuna mwaka. Nimeuamini kwa sababu umenifurahisha, kama mama alivyouamini wa kwake kwa sababu umemtisha. Nikaamua nifuatilie yote miwili, kwa kipimo kimoja.

Nilianza na mchoro. Mwanangu alikuwa amelala pembeni yangu na chupa ya maji ya moto mgongoni, maumivu yalikuwa yameanza tangu mchana. Nikakuza picha kwenye simu, vitabu vinavyounda ile nyumba vina majina ubavuni. Akaangalia, akasema, "Mama, hapo wamekosea. Kuna T imezidi, na E wameweka A." Kweli. Neno la hesabu kwa Kiingereza lilikuwa limeandikwa ARTITHMATIC.

Kosa hilo ndilo lililonisaidia. Nilipoipandisha picha kwenye Google ya kutafuta kwa picha, ikaja haraka: ni mchoro wa jarida la Harvard Magazine, toleo la Mei na Juni 2020. Wasomaji waliucheka na kuulalamikia sana kwa sababu ya hiyo herufi, na jarida likaja kuurekebisha. Anayesambaza leo ana ile nakala ya kwanza. Makala yenyewe ilimhusu Elizabeth Bartholet, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, aliyependekeza kusomesha nyumbani kuwe marufuku kwa kawaida, na mzazi anayetaka ndiye aje athibitishe kwamba anastahili kuruhusiwa. Ni hoja ya mtu mwenye msimamo, na ameisema wazi kuwa ni msimamo wake. Yeye sijamlaumu. Ila mchoro siyo ushahidi. Aliyeuchora alilipwa kuchora hofu.

Namba 36 ilinichukua siku tatu zaidi. Imetoka kwenye taarifa ya Ofisi ya Mtetezi wa Mtoto ya jimbo la Connecticut, mwaka 2018. Kwa hiyo mchoro una mwaka wake na jimbo lake, namba ina mwaka wake na jimbo lake, na mtu wa tatu tusiyemjua amevishona pamoja. Mimi ni fundi, nguo ya viraka naijua kwa kuigeuza ndani nikaangalia mshono.

Connecticut walifanya hivi. Mwaka 2017 alikufa kijana wa miaka 17 mwenye usonji mjini Hartford, kwa njaa na mateso ya nyumbani. Mdogo wake alikuwa ameondolewa shule kwa maelezo kwamba atasomeshwa nyumbani. Ofisi ikataka kujua ni wangapi wengine wako hivyo. Ikachukua wilaya sita za shule, miaka mitatu ya masomo kuanzia 2013 mpaka 2016, ikapata watoto 380 walioondolewa shule kwa sababu hiyo. Kati yao 138 walitoka kwenye familia ambazo ziliwahi kuwa na angalau taarifa moja ya kushukiwa kumtesa au kumtelekeza mtoto, iliyopokelewa na idara ya jimbo. 138 ukigawanya kwa 380 unapata 36 kwa 100. Namba ni ya kweli.

Sasa soma tena ule ujumbe. "Walioondolewa shule katika wilaya sita" wamegeuka kuwa "wanaosomeshwa nyumbani", yaani wote, nchi nzima, pamoja na wale ambao hawajawahi kuandikishwa shule yoyote. Na "familia iliwahi kuripotiwa" imegeuka kuwa "wanateswa". Hapa kwetu ni kama kuandikwa jina kwenye daftari la ustawi wa jamii kwa sababu jirani alipiga simu. Pengine jirani ni mkweli, pengine mligombania ukuta. Kuripotiwa si kukutwa na hatia.

Kitu kilichonikalisha kitako zaidi ni hiki. 36 kwa 100 ni kubwa ukilinganisha na nini? Nikatafuta. Kuna utafiti wa mwaka 2017, kwenye jarida la afya ya jamii la Marekani, American Journal of Public Health, uliokadiria kwamba watoto wa nchi nzima, wa shule na wasio wa shule, asilimia 37.4 wanafikiwa na uchunguzi wa idara za kulinda watoto angalau mara moja kabla hawajatimiza miaka 18. Vipimo hivi viwili havifanani sawasawa. Huu wa 2017 unahesabu mtoto mpaka anafika 18, ule wa Connecticut unahesabu familia kabla ya siku ya kuondoka shule, na jimbo moja siyo nchi. Siwezi kusema basi mambo ni sawasawa. Lakini aliyeisambaza 36 peke yake alikunyima kitu cha kuilinganisha nacho, na bila hicho hata daktari angeshtuka.

Nikahamia kwa ule ujumbe wangu mtamu. Chanzo chake ni utafiti wa Lawrence Rudner, mwaka 1999. Wanafunzi 20,760, namba inayotia heshima. Ila wazazi wao ndio waliokuwa wameagiza mtihani kupitia huduma ya upimaji ya chuo kimoja cha Kikristo, Bob Jones, na wakakubali matokeo yatumike. Aliyegharamia utafiti ni HSLDA, chama kilichoanzishwa 1983 kutetea kisheria wazazi wanaosomesha nyumbani. Asilimia 94 ya wanafunzi walikuwa Wazungu, wazazi wao wengi wenye elimu na kipato kuliko wastani. Ni kama usimame getini siku ya matokeo uwaulize alama wale tu wanaotoka wanaruka. Na Rudner mwenyewe aliandika kwamba utafiti wake hauonyeshi kuwa kusomea nyumbani ni bora kuliko shule. Yeye kasema hivyo, chama kikatangaza vile.

Kwa hiyo nimebaki na jumbe mbili, zote zimeanzia kwenye namba za kweli, na zote zimefika Goba zikiwa uongo. Naomba maoni, hasa ya walimu. Na kama huo ujumbe umefika kwenye makundi yenu, naomba msiusukume mbele.

---

Kisimani_Tabata

Dada pole kwa mtoto, Mungu amjalie nafuu. Kazi uliyofanya ni kubwa. Lakini mimi naomba nisimame upande wa bibi yake.

Mtaani kwetu kuna nyumba ilikuwa na binti wa miaka kama 11. Ukiuliza, unaambiwa "huyu anasoma nyumbani, mwalimu anakuja". Mwalimu hatujawahi kumwona. Tulichokuwa tunaona ni binti anafua nguo za watu saba na kubeba mtoto mgongoni. Ikachukua mwaka mzima mpaka mjumbe akagonga mlango. Kwa hiyo neno "anasoma nyumbani" hapa Dar mimi linanitia baridi, na halikutoka WhatsApp.

Na huko kwa wenzetu mambo hayo yapo. Woking, Uingereza, Agosti 2023, mtoto wa miaka 10 aliuawa nyumbani kwao. Mwezi Aprili baba alikuwa amemwondoa shule eti atamsomesha mwenyewe. Shule ndiyo iliyokuwa imeona michubuko na kuripoti. Baba na mama wa kambo walitiwa hatiani Desemba 2024. Hiyo siyo picha ya kuchora.

---

MamaSudi_Goba

Kaka Kisimani, asante, na sibishani na wewe. Nilisoma hiyo kesi nikalia, maana yule mtoto alikuwa anajulikana kwa ustawi wa jamii wa kwao tangu alipozaliwa, na bado.

Ndiyo maana sikusema hofu ya mama mkwe ni ya kijinga. Shule ni mahali ambapo mtu mzima asiye ndugu anamwona mtoto kila siku. Ukimtoa, umeondoa macho hayo. Huko Uingereza, mswada uliopelekwa bungeni Desemba 2024 ulitaka mtoto aliye chini ya uchunguzi wa ulinzi asiondolewe shule bila idhini ya halmashauri. Mimi hilo naliunga mkono kabisa. Ni jibu linalolenga tatizo lilipo. Ule ujumbe wa 36 haulengi chochote, unamrushia jiwe kila mzazi, na yule anayemfungia binti wa watu hausomi hata kidogo.

Na binti wa mtaani kwenu hakuwa anasomea nyumbani. Alikuwa mtumwa, na hilo neno lilikuwa pazia. Naomba tuliite hivyo.

---

Mkutubi_Mwenge

Nafanya kazi maktaba, niongeze kitu kimoja.

Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwakalisha watu 45 mbele ya kompyuta mwaka 2017: wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, wahakiki wa habari 10, na wanafunzi 25 wa hapohapo Stanford. Wakawapa tovuti wazipime. Moja ilikuwa ya chama kidogo cha madaktari wa watoto chenye msimamo mkali, na nyingine ya chama kikuu cha madaktari wa watoto cha nchi nzima. Majina yanakaribiana, sura zote nadhifu.

Wanafunzi na wanahistoria wengi walibaki ndani ya ukurasa, wakausoma juu mpaka chini, wakasifia marejeo na nembo. Wahakiki waliuacha ndani ya sekunde chache, wakafungua kurasa nyingine kuuliza: hawa ni akina nani, nani mwingine anawazungumzia? Wakapata jibu haraka, tena sahihi. Watu wenye shahada za uzamivu walidanganywa kwa kusoma kwa makini kitu kisichostahili.

Mleta mada umefanya hivyohivyo bila kufundishwa. Ujumbe ukikushtua, usiuchunguze wenyewe. Toka, nenda kaulize habari zake kwa wengine. Hapa kwetu JamiiCheck na Nukta Fakti wanafanya kazi hiyo kwa Kiswahili, unaweza kuwatumia madai wakayahakiki.

---

BabaPacha_Mbezi

Sisi tunasomesha nyumbani mwaka wa tatu sasa, mtaala wa nje. Pacha wetu walikuwa wanaamka saa kumi na robo kuwahi basi la shule, wanarudi saa kumi na mbili jioni wamelala kwenye kiti. Mtoto wa darasa la pili! Hayo mateso hayaitwi mateso kwa sababu yana sare.

Nataka kuongeza: huko Marekani watu wameshaamka. Takwimu za serikali yao wenyewe, sensa, familia zinazosomesha nyumbani ziliongezeka zaidi ya mara mbili mwaka 2020, kutoka asilimia 5.4 mpaka 11.1. Watu hawawezi kuongezeka hivyo kwenye jambo baya.

---

MamaSudi_Goba

Baba Pacha, hilo la saa kumi na robo naliona kila siku hapa Goba, watoto wamesimama kizani na tochi za simu. Nakuelewa kabisa.

Ila hizo namba nilikutana nazo, naomba niziguse. Ni za Ofisi ya Sensa kweli. 5.4 ni mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, 11.1 ni mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba. Katikati ya hapo swali la dodoso lilirekebishwa, likabainisha kwamba wanaosoma na walimu wao kwa intaneti wasihesabiwe. Sensa wenyewe ndio walioeleza, na walifanya hivyo ili wapate hesabu safi zaidi. Kwa hiyo ongezeko lipo, ila namba ya kwanza na ya pili hazikutokana na swali moja. Tena ni mwaka wa korona. Sisi wenyewe shule zilifungwa Machi 17, 2020, na za msingi zikafunguliwa Juni 29. Miezi mitatu ile watoto wote wa Dar walikuwa nyumbani. Hakuna aliyesema Watanzania tumeamka.

Naomba usinielewe vibaya. Kama masomo yanawafaa pacha, yanawafaa. Wao ni ushahidi wa pacha wawili.

---

Dullah_wa_Temeke

Nimefuta kwenye kundi la wazazi wa darasa la tano, na nimebandika maelezo yako. Kuna mzazi ananiuliza kama Harvard ni wilaya ya Connecticut. Nimemwelekeza huku.

---

Mwalimu_Mstaafu_Kigamboni

Mwanangu MamaSudi, hongera. Nimefundisha miaka 34, msingi na sekondari. Naona mmezungumza Marekani na Uingereza, naomba niwarudishe nyumbani, maana hapo ndipo habari za nje zinapotupoteza zaidi.

Marekani, kusomesha nyumbani ni halali katika majimbo yote 50 tangu mwaka 1993. Ujerumani, mtoto lazima aende shule, na mwaka 2019 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikubaliana na serikali yao dhidi ya familia iliyokataa. Afrika Kusini inaruhusiwa kwa kujiandikisha. Kila habari ya kutisha au ya kusifia imezaliwa ndani ya sheria fulani. Ukiihamishia Goba bila sheria yake, imebaki kelele.

Yetu ni Sheria ya Elimu, Sura ya 353, ya mwaka 1978 na marekebisho yake. Inataka mtoto akifika umri aandikishwe, na mzazi ahakikishe anahudhuria mpaka amalize elimu ya msingi. Mtihani wa kumaliza msingi mtoto anaufanya kupitia shule aliyosajiliwa. Ndiyo maana wengi wanaosomesha nyumbani hapa mjini wanashika mitaala ya nje na mitihani ya nje, na gharama yake Baba Pacha anaijua. Kwa sekondari kuna mlango: mtu ambaye hakupita kidato cha kwanza mpaka cha nne anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, tunaouita QT, kisha akaketi kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. MEMKWA, ule mpango wa elimu ya msingi, ni kwa watoto walioikosa shule, si kwa aliyeandikishwa anayeugua.

Sasa kwa mtoto wako. Usimtoe. Nenda kwa mwalimu mkuu na cheti cha kliniki, omba mtoto abaki kwenye rejesta na utoro wake uandikwe kuwa ni ugonjwa. Omba kwa maandishi, baki na nakala yenye mhuri. Mwalimu wa darasa akiwa muungwana, atakupa azimio la kazi la wiki, utajua kinachofundishwa. Mimi nilikuwa na wanafunzi wawili wenye seli mundu. Mmoja leo ni muuguzi.

---

MamaSudi_Goba

Shikamoo mwalimu. Nimekuwa kimya siku nne kwa sababu nilikuwa natekeleza.

Barua imepokelewa na ina mhuri. Mwalimu wa darasa ni binti mdogo, nilidhani ataona namwongezea kazi. Akaniambia nimpe namba yangu tu, siku mtoto hayupo atapiga picha ya ubao kila kipindi kikiisha. Jana amenitumia nane. Ya sayansi imekatwa kichwa cha mtoto mmoja aliyesimama mbele, lakini inasomeka. Tumekaa kitandani, mwanangu akanakili mfumo wa mmeng'enyo wa chakula huku akilalamika kwamba mwalimu wake anachora tumbo vibaya.

Kundi la ukoo nimewaandikia. Sikuandika kwamba mama amekosea. Niliweka mambo matatu: mchoro ni wa 2020, namba ni ya 2018 kutoka wilaya sita, na kilichohesabiwa ni familia zilizoripotiwa, si watoto waliokutwa wameteswa. Nikaongeza kwamba nami nilikuwa na ujumbe wa upande wangu, na nao nimeukuta na kasoro, nikaueleza vilevile. Nafikiri hicho ndicho kilichowafanya wasome. Mashemeji wawili wameufuta kwenye makundi yao. Aliyeuleta hajasema kitu.

Mama mkwe hakujibu kwenye kundi. Alinitumia ujumbe wa sauti pembeni, dakika mbili, kwa nyuma kuku wanalia. Amesema hizo habari za Wamarekani ameshazielewa, niziache. Anachotaka kujua ni kama mjukuu wake Jumatatu anaenda shule au haendi, na kama anaenda, nani atambebea begi ngazi zile za ghorofani.

Nimempigia. Anaenda. Begi atabeba kaka yake.